UZI: Papa wa miambani Kenya wameisha au wamejificha?

#1 BabaTuli (Donholm)
Hamjambo. Jambo hili limenikaa kooni tangu likizo ya Aprili, acheni niliteme.

Tulipanda treni hadi Mombasa, kisha matatu hadi Malindi: mimi, mama watoto na watoto wawili. Tukalipa kiingilio cha mbuga ya bahari, tukaingia boti ile ya sakafu ya kioo. Samaki tuliwaona: pono, kikande, na wale wembamba wa manjano ambao sijui jina lao. Binti yangu ana miaka tisa, na daftari lake la hesabu lina picha nyingi za papa kuliko hesabu. Akamwuliza nahodha, "Papa wako wapi?" Nahodha akacheka. "Papa? Hao kamwulize babuyo, mama." Mtoto hakusema neno tena mpaka treni ilipopita Mtito Andei.

Nilipofika nyumbani nikaanza kuchimba. Julai 2020 jarida la Nature lilitoa matokeo ya utafiti uitwao Global FinPrint. Walitega kamera zenye chambo kwenye miamba 371 ya nchi 58, zaidi ya saa 15,000 za video. Karibu mwamba mmoja kwa kila mitano haukuonekana papa hata mmoja. Na kuna nchi na maeneo sita ambako papa ni kama hawapo kabisa. Kenya imo, pamoja na Qatar, Vietnam na Jamhuri ya Dominika. Ukijumlisha yote sita, zaidi ya saa 800 za kamera, papa watatu. Watatu!

Swali langu ni hili. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa 1968. Hapa Nairobi mbuga yetu imebanwa na barabara, viwanda na ndege za Wilson, na simba wamo. Kule Malindi hakuna kiwanda ndani ya maji. Mbona papa hawamo?

#2 Kamongo254 (Umoja)
Buda, wewe umeenda Malindi ukakosa papa, mimi niko Gikomba natafuta mbuta wa bei ya binadamu na simpati. Tulie pamoja.

#3 Ndovu_Mkuu (Kasarani)
Jibu ni fupi. Meli za kigeni. Zinakuja usiku, zinakokota nyavu, zinakata mapezi, mzoga unatupwa, mapezi yanaenda Hong Kong. Serikali imelala. Funga uzi.

#4 MwalimuBiolojia (Ruaka)
Usifunge bado, Ndovu. Meli za nje zinavua kilindini, na papa wengi wa kule ni jamii nyingine. BabaTuli anauliza papa wa miambani, hao wanaoishi pale pale kwenye matumbawe. Tutaje majina ili tuelewane: yupo ncha-nyeusi, mwenye doa jeusi kwenye pezi la mgongo, hupenda maji ya kina kifupi hata ya magotini. Yupo ncha-nyeupe, mwembamba, mchana hulala mapangoni na usiku huwinda. Na yupo wa kijivu, mnene kidogo, hukaa ukingo wa nje wa mwamba ambako mkondo una nguvu.

Kuhusu simba, BabaTuli umegusa pazuri lakini hukupiga hesabu. Mbuga ya Nairobi ina kilomita za mraba 117. Ya Malindi ina kama 6. Sita! Ya Mombasa 10, ya Kisite 28. Sasa papa ncha-nyeusi wa kisiwa cha Moorea, kule Polinesia ya Ufaransa, watafiti waligundua majike wengine huvuka bahari hadi Tetiaroa, kama kilomita 50, kwenda kuzaa kisha wakarudi. Mnyama wa namna hiyo ukimwekea kilomita sita za mraba umempa sebule, jikoni na choo viko nje, na nje kuna nyavu.

#5 BabaTuli
Sebule! Asante mwalimu, hiyo nimeielewa. Ila hata simba wa Nairobi hutoka. Yule Mohawk si alifika Isinya akapigwa risasi 2016? Na bado wenzake wapo.

#6 MwalimuBiolojia
Wapo kwa sababu upande wa kusini mbuga imeachwa wazi, na kuna ardhi ya kutosha ya kuzurura, ingawa yapungua kila mwaka. Na simba jike huzaa watoto watatu wanne kila baada ya miaka miwili hivi, na huanza akiwa na miaka minne. Papa wa kijivu anahitaji miaka saba hadi kumi na moja kabla ya kuzaa, hubeba mimba karibu mwaka mzima, anatoa mtoto mmoja hadi sita, kisha anapumzika. Ukimvua mama mmoja umeng'oa mti, hukuchuma tunda.

#7 Binti_Faza (South C)
Asalaam aleikum. Nyote mwazungumza vitabu, mimi nawaletea babu.

Nimezaliwa Faza, kisiwa cha Pate. Babu yangu alikuwa mvuvi wa jarife. Kwa wasiolijua: jarife ni wavu wa matundu makubwa, watandazwa jioni kama ukuta, mwaenda zenu kulala, alfajiri mwauvuta. Waingia papa, taa, nguru, na mara nyingine kasa, Mungu atusamehe. Msimu wenyewe ni kaskazi, bahari ikitulia. Mimi nikiwa mdogo, mwishoni mwa miaka ya themanini, uwanja wetu wote ulikuwa uchaga wa papa. Wapasuliwa, watiwa chumvi, waanikwa. Maini yachemshwa kwenye pipa, yatoka mafuta twayaita sifa, yapakwa mashua mbao zisioze. Harufu yake ukiitia nguoni hata ndoa yaweza kuvunjika.

Na hao wa doa jeusi aliowataja mwalimu, nawakumbuka sana, kwa kuwa watoto wao ndio sisi watoto tuliopewa tuwakoshe. Urefu wa mkono wangu. Wachanga kabisa. Hakuna aliyefikiri.

Nilipokuja Nairobi 2003, jarife la babu lilikuwa limefanywa uzio wa banda la kuku. Hakukatazwa na mtu. Alisema tu, "Nalala na wavu, naamka na wavu." Basi Ndovu, meli za usiku zipo, lakini papa wa Faza twaliwala wenyewe.

#8 Kamongo254
Dada Binti_Faza umemaliza. Uzio wa kuku!! Nimecheka halafu nikaacha kucheka.

#9 ShangaziWaKariokor
Mwaniona nimenyamaza lakini harufu ya uchaga imenifikia hapa. Papa mkavu, roweka usiku kucha, mwaga maji mara mbili, chemsha, ondoa mchanga wa ngozi, kisha tui zito, ndimu, na pilipili isiwe ya uoga. Kwa wali au ugali, hiari yako. Mwezi wa Ramadhani huletewa kutoka Mombasa, huisha kabla ya kufungua gunia.

#10 MwalimuBiolojia
Shikamoo shangazi. Ila papa mkubwa hubeba zebaki nyingi mwilini kwa kuwa anakula walao wengine, inarundikana. Wajawazito na watoto wasimle mara kwa mara.

#11 ShangaziWaKariokor
Marahaba mwanangu. Mimi nina miaka sitini na saba, zebaki na mimi tumeshazoeana.

#12 Mjukuu_wa_Pemba (Eastleigh)
Kabla hamjafika pale mnapoenda kila mara: najua kuna mtu atasema Wapemba ndio waliomaliza papa wa Kenya. Kila kaskazi wazee wetu huja na mashua hadi Shimoni, Watamu, Malindi, mpaka Lamu, na wengi ni mabingwa wa papa, sikatai. Lakini mpishi akilaumiwa, na waliokula walaumiwe. Gunia la shangazi Kariokor linatoka wapi?

#13 Ndovu_Mkuu
Hakuna aliyewataja Wapemba, umejitaja mwenyewe.

#14 Mjukuu_wa_Pemba
Nimewahi, ndugu. Mvua ya kesho huanikiwa leo.

#15 Wakili_Embakasi
Gunia la shangazi linaweza kuwa halijawahi kuwa la Kenya hata siku moja. Biashara ya papa mkavu wa chumvi kutoka pwani ya Uarabuni, Hadhramaut na Omani, kuja Mombasa na Unguja kwa majahazi ni ya kale mno. Yaani wakati babu wa Binti_Faza anaanika wake, kuna waliokuwa wakiletewa wa wengine. Kwa hiyo kumhesabu papa wa Kenya kwa kutazama soko la Kenya ni kupotea.

#16 MpishiWaKisiwani
Nimesoma kimya kuanzia #1, sasa niingie. Mimi ni Mkenya, kwetu Kangemi, ila miaka mitano nimepika katika hoteli moja Maldivi. Kila jioni nikimwaga uchovu gatini, watoto wa papa ncha-nyeusi wanapita kwenye maji ya kifundo cha mguu. Wanane, kumi. Wageni wanapiga kelele, wao wala. Ukiingia maji wanakimbia, papa mtoto ni mwoga kuliko paka wa jirani.

Wenyeji waliniambia zamani hawakuwa wengi hivyo. 2010 nchi ilipiga marufuku uvuvi wa papa kwenye maji yake yote. Si kwa mapenzi, jamani, kwa hesabu: mzamiaji hulipa mara nyingi kumwona papa yule yule, aliyemvua hulipwa mara moja.

Kwa hiyo mwalimu yuko sawa kuhusu ukubwa. Wale hawakulinda sebule, walilinda nyumba.

#17 Kamongo254
Lakini si papa akisimama anakufa? Hawezi kupumua bila kuogelea. Hii niliisoma form two. Sasa hao wa kulala mapangoni wanalalaje?

#18 MwalimuBiolojia
Aliyekufundisha alikupa nusu. Ncha-nyeupe anaweza kulala chini kabisa na kusukuma maji kwa mdomo kupitia matamvua, kama mtu anayesukutua. Ndiyo maana utawakuta watano wamelaliana pangoni kama magunia. Wa kijivu ndiye asiyepumzika hata kidogo, kwa kawaida huogelea usiku na mchana.

#19 MpishiWaKisiwani
Mwalimu, kwa heshima zote, hapo pa kijivu kuna nyongeza. Kule Fakarava, Polinesia ya Ufaransa, kwenye mlango wa kusini wanakusanyika mamia. Watafiti waliona kwamba maji yakipanda kwenye mteremko wa mlango, papa wanakaa juu ya ule mkondo unaopanda kama tai juu ya hewa ya moto, karibu hawapigi mkia. Akifika mwisho wa mkondo anarudishwa nyuma, mwingine anachukua nafasi. Wanapanga foleni! Kwa hiyo hata akiwa anaogelea, kuna namna ya kupunguza kuchoka.

#20 MwalimuBiolojia
Hiyo nimeikubali. Nimeandika "hata kidogo", nafuta.

#21 Ndovu_Mkuu
Papa wanapanga foleni na sisi pale Kencom tunapigana viwiko. Sawa.

Ila nirudi kwenye hoja yangu #3 mnayoikwepa. Meli za kukokota nyavu katika Ghuba ya Ungwana zilikuwa zinavua kamba, na kila mvuvi wa Malindi atakwambia zilikuwa zikileta samaki wengine tele wasiotakiwa, wakiwemo papa wadogo na taa. Zilisimamishwa 2006 kwa sababu ya kelele za wavuvi, baadaye zikarudi. Hizo si za kilindini, mwalimu. Zilikuwa zikionekana ukiwa ufukweni.

#22 MwalimuBiolojia
Hilo ni kweli na nakupa alama zake. Lakini Ungwana ni matope na mchanga, hasa pale Tana na Sabaki zinapomwaga. Wanaoumia pale ni papa wa sakafu ya tope. Hawa wetu wa matumbawe walipata adhabu kwa njia nyingine.

#23 Ndovu_Mkuu
Mtoto wa papa hajui mpaka wa tope na matumbawe, mwalimu. Umesema mwenyewe mama yake anasafiri kilomita 50.

#24 Kamongo254
Hapo umefungwa goli la kichwa mwalimu.

#25 Njoki_wa_Bahari (Rongai)
Naomba nilete nyingine. 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kali la El Niño na matumbawe yakageuka meupe na kufa, Kenya ikapigwa vibaya. Nyumba imebomoka, mpangaji ahame. Si hiyo inaeleza?

#26 MpishiWaKisiwani
Dada Njoki, Maldivi ilipigwa mwaka huo huo. Ushelisheli pia. Visiwa vya Chagos, katikati ya bahari hii hii, pia. Papa wao wapo. Matumbawe yakifa papa huumia, ndiyo, lakini hilo peke yake halimfukuzi kutoka nchi nzima.

#27 Njoki_wa_Bahari
Sawa. Nimeliweka pembeni, sijalitupa.

#28 DaktariWaSimu (Kilimani)
Mnaendelea kujenga juu ya kitu ambacho hakijathibitishwa. Hizo kamera zinategwa mchana, kwa saa moja hivi, na kikapu cha samaki waliopondwa. Papa ncha-nyeupe analala mchana, mwalimu amesema. Papa aliyewahi kuponyoka kwenye jarife huenda anaogopa kila kitu chenye harufu ya mashua. Kutoonekana si kutokuwepo. Kazi yangu ni kutengeneza simu: mteja akisema "haina mtandao", mara nyingi mtandao upo, antena ndiyo imekatika.

#29 BabaTuli
Hii ndiyo nusu ya pili ya swali langu! Kwa hiyo wamejificha?

#30 MwalimuBiolojia
Hoja ya DaktariWaSimu ni nzuri lakini ina tundu. Kamera zile zile, chambo kile kile, mchana ule ule, zimeona papa tele sehemu nyingine. Kama antena ingekuwa imekatika ingekatika kote. Na watafiti hawakusema papa wameisha Kenya hadi wa mwisho. Walichosema ni kwamba wamekuwa wachache kiasi kwamba kazi yao baharini haifanyiki tena. Mtu mmoja akibaki kijijini huwezi kusema kijiji kimekufa, ila hakuna wa kuchimba kaburi.

Na matokeo mengine ya mradi ule ule, yaliyotoka kwenye Science mwaka 2023, yalionyesha kwamba spishi tano kuu za papa wa miambani zimepungua kati ya asilimia 60 na 73 duniani. Yaani Kenya ni mkia wa mchezo ambao wote tunaucheza.

#31 DaktariWaSimu
Zimeona tele ambako papa hawajawahi kutishwa na mashua. Umenithibitishia mimi.

#32 MwalimuBiolojia
Ndugu yangu, nitalala.

#33 ShangaziWaKariokor
Lala mwanangu. Kesho ni Jumatatu.

#34 Nahodha_Mstaafu_Likoni (sasa Syokimau)
Mimi nimeingia maji ya Mombasa tangu 1979. Sitabishana na kamera. Ninachojua, ncha-nyeupe nilimwona mara ya mwisho nje ya mwamba wa Nyali, na wajukuu wangu wakubwa walikuwa hawajazaliwa.

Halafu mnisaidie, kwa nini huyu papa anatakiwa? Naulizia kweli. Mbuga ya Mombasa samaki wamejaa, changu, tafi, pono, na papa hayupo. Mwamba unaishi. Hajakosa kitu.

#35 Wakili_Embakasi
Mzee shikamoo. Kuna nadharia: papa huwala walao wenzao wa kati kama chewa, wa kati wakipungua samaki wala-mwani wanapumua, mwani hauzidi, matumbawe yanapata nafasi. Papa akitoka, mnyororo unakatika.

#36 MwalimuBiolojia
(Sijalala.) Nadharia ni tamu lakini ushahidi wake umechanganyika. Miamba mingi iliyochunguzwa haikuonyesha mnyororo huo vizuri, kwa sababu papa wa miambani hali windo kubwa, yeye na chewa wanagombea chakula kile kile. Hata ile habari ya kwamba kisiwani Palmyra, Pasifiki, papa na walao wengine wakubwa wanawazidi kwa uzito samaki wanaowala ilirekebishwa: wazamiaji walikuwa wakimhesabu papa mmoja kila anapopita. Walipowawekea alama na kuhesabu upya, matokeo yakatoka 2017, walipata wa kijivu kama 8,000, wengi sana, lakini pungufu ya ilivyodhaniwa.

Na kwetu Kenya mhalifu alionekana kuwa mwingine kabisa. Tim McClanahan, aliyefanya utafiti miamba yetu tangu miaka ya themanini, alionyesha kwamba kikande wakivuliwa, wale viumbe wa miiba mirefu mnaowakanyaga Diani wanazaana kupita kiasi na kukwangua mwamba. Kikande ndiye anayewavunja. Kwa hiyo mzee, huenda askari wa mwamba wa Kenya ni kikande, papa alikuwa gavana tu.

#37 Nahodha_Mstaafu_Likoni
Marahaba. Kikande namjua, anauma kuliko papa. Alinitoboa kidole 1986.

#38 Kamongo254
Gavana anayekula na hafanyi kazi, huyo tunaye.

#39 Msimamizi
Siasa ziwe na jukwaa lake, Kamongo.

#40 MpishiWaKisiwani
Mwalimu, tusimdharau. Papa anabeba pia hofu. Samaki akijua papa yupo halishi mbali na maficho yake. Hilo halionekani tumboni mwa papa aliyepasuliwa. Na wa kijivu akisumbuliwa ana lugha yake: anapinda mgongo, anashusha mapezi ya kifuani, anaogelea kama nyoka aliyelewa. Ukiiona hiyo usimfuate na kamera, rudi nyuma polepole ukimwangalia. Kuna mgeni aliyedhani papa anacheza.

#41 BabaTuli
Hii naichapisha na kuibandika chumbani kwa Tuli. Asante.

#42 Ndovu_Mkuu
Basi kama shida ni sebule ndogo, tufanye kama Waingereza walivyofanya Chagos. 2010 walifunga bahari yote, kilomita za mraba 640,000, kubwa kuliko Kenya nzima. Papa wamejaa. Hiyo ndiyo dawa.

#43 Wakili_Embakasi
Ndovu, dawa hiyo soma karatasi yake ya ndani. Wachagosi waliondolewa kwao kati ya 1968 na 1973 ili Diego Garcia iwe kambi ya kijeshi ya Marekani. Wenyeji hawapo, ndipo mbuga ikatangazwa. Machi 2015 mahakama ya usuluhishi, katika kesi ya Morisi dhidi ya Uingereza, ilisema Uingereza ilivunja wajibu wake wa kisheria ilipoitangaza. Na pamoja na ukubwa wote huo majangili wa papa hunaswa humo, kwa kuwa bahari ya ukubwa huo kuilinda kwa meli ya doria moja ni kama kulinda Uhuru Park kwa mbwa mmoja.

Napenda papa, ila hifadhi inayoanza kwa kufukuza watu nimeiona sana nchi kavu.

#44 Binti_Faza
Ahsante wakili. Pwani neno "mbuga" likitajwa wazee huuliza kwanza, "Watupeleka wapi?" Kuruwitu huko Kilifi walifanya vingine, wavuvi wenyewe walijifungia kipande chao, tengefu, na 2017 wakapata Tuzo ya Ikweta. Kipande ni kidogo, papa sijasikia wamerudi, lakini pweza na changu walirudi na hakuna aliyefukuzwa.

#45 Mjukuu_wa_Pemba
Na tengefu hilo nalo ni sebule. Hata chumba cha choo.

#46 Binti_Faza
Wapemba na maneno. Choo basi, lakini chetu.

#47 Njoki_wa_Bahari
Na sheria? Nilisikia papa wamepigwa marufuku kuuzwa dunia nzima.

#48 Wakili_Embakasi
Hapana. Novemba 2022 mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, uliofanyika Panama uliingiza jamii nzima ya papa hawa, ncha-nyeusi, ncha-nyeupe, kijivu na ndugu zao, kwenye Kiambatisho cha Pili. Maana yake: kuvusha mpaka kunahitaji kibali na nchi ithibitishe kwamba biashara haimalizi spishi. Haikatazi kuvua wala kula nyumbani. Papa aliyevuliwa Malindi akaliwa Malindi hajavuka mpaka wowote, CITES haimjui.

#49 ShangaziWaKariokor
Mungu asifiwe.

#50 DaktariWaSimu
Nimeona kuna watu wanahesabu vyombo: sheria, sebule, jarife, meli, joto, soko. Hakuna aliyejibu hoja yangu ya hofu ya mashua. Naweka alama hapa.

#51 Nahodha_Mstaafu_Likoni
Kijana, papa hana akili ya kuogopa mashua miaka arobaini. Mvuvi ndiye mwenye akili ya kumfuata alikojificha. Zamani tulimwacha wa nje ya mwamba wakati wa kusi, bahari ilikuwa chafu, hakuna wa kutoka. Miezi minne mitano alipumzika. Injini zilipokuja, kusi ikawa kama kaskazi. Papa alikosa likizo yake, basi.

#52 MwalimuBiolojia
Mzee, hiyo sijaiona kwenye karatasi yoyote na nadhani ni ya kuandikwa.

#53 Kamongo254
Injini dhidi ya kusi. Nyuzi kama hizi ndizo zinanifanya nisilale.

#54 Binti_Faza
Jamani, nimempigia ami yangu Kizingitini kumsimulia haya. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwabishana nini juu ya huyo papa, juzi wakati wa bamvua, maji makubwa, Shee kampata mmoja kwenye wavu wa changu." Mdogo, urefu wa mkono. Kauzwa ufukweni kabla jua halijachwa.

#55 BabaTuli
WHAAAT. Dada, doa kwenye pezi lilikuwa jeusi au jeupe?

#56 DaktariWaSimu
Nilisema.

#57 MwalimuBiolojia
Ukubwa huo ni mtoto. Mtoto ana mama. Uliza doa, na uliza alipatikana ndani ya mwamba au nje, tafadhali.

#58 Binti_Faza
Simu ya ami imezima, huchajiwa dukani kwa Shee. Nitauliza kesho.